Debe Nililolisikia

"Uliogopa nini?"

Niliulizwa swali hilo nikiwa msichana wa miaka kumi na sita, nimesimama ndani ya wigo wa kuchotea maji, ule uzio wa miti mtoni wa kuzuia mamba, mtungi mkononi. Mwanangu, sikusimulii haya ili nikuonyeshe kwamba watu wa zamani tulikuwa wema kuliko nyie. Wazee wanaosema hivyo siwaamini, na mimi ni mmoja wao kwa umri. Nakusimulia kwa sababu nimekaa na swali lile miaka mingi, na nimechoka kukaa nalo peke yangu.

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Kijiji chetu kilikuwa mwinuko kidogo, mwendo wa asubuhi moja kutoka Mohoro, na mashamba ya mpunga yalikuwa bondeni kando ya mto. Mpunga ukianza kuiva tulihama. Kila nyumba ilikuwa na dungu lake shambani, kibanda juu ya nguzo ndefu, na humo tuliishi tukiamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga, mpaka mavuno. Mwaka ule mama alikuwa amejifungua, hawezi kupanda ngazi, basi dungu letu nikalikalia peke yangu. Mtu hajui ukubwa wa bonde mpaka alale ndani yake bila mtu wa kumwambia, sogea kidogo.

Ulinzi wetu ulikuwa na utaratibu. Kila dungu lilikuwa na debe tupu la mafuta ya taa na fimbo yake. Wa kwanza kuwaona ndege anapiga debe, jirani akisikia anapiga la kwake, mpaka bonde zima linapasuka kwa kelele. Na kila alfajiri wa dungu la mtoni aliita, "Madungu ee!" Wa pili akamjibu, "Ee, tumeamka!" kisha naye akamwita wa tatu. Hivyo tulijua kwamba kila mtu amefika asubuhi salama.

Dungu la mtoni lilikuwa la Bi Tatu, mjane aliyetoka milimani kwa Wamatumbi, akaolewa kwetu, mume akafa, yeye akabaki. La pili lilikuwa langu. La tatu lilikuwa la Bi Kibibi na binti yake Somoe, rika langu, ambaye tulichezwa naye ngoma ya unyago mwaka mmoja. Mpunga wa Bi Kibibi ndio uliotangulia kuiva.

Asubuhi moja ya manyunyu nilisikia debe la Bi Tatu. Nililisikia vizuri, na sauti yake pia. Nikatoka, nikasimama juu ya ngazi nimejitanda kanga. Nikatazama huku na huku. Madungu yote kimya, hakuna fimbo iliyogonga popote. Nikajiambia, kama ni ndege kweli, wakubwa wangekwisha amka. Labda anafukuza tumbili. Mpunga wangu ulikuwa bado mbichi, baridi ilikuwa kali. Nikarudi ndani, nikajifunika gubigubi.

Jua lilipotoka, shamba la Bi Kibibi lilikuwa limejaa ndege wa kweleakwelea, huoni mashuke. Tulipowafukuza yalibaki makapi. Mpunga wa Bi Tatu haukuguswa.

Jumbe wa kijiji alituita sote uani kwake alasiri ile.

"Wako mzima, wangu umekwisha," Bi Kibibi alimwambia Bi Tatu. "Ndege wa kwenu wanajua jina la mtu?"

Watu wakacheka. Bi Tatu hakucheka. "Nilipiga debe, dada yangu. Nilipiga mpaka mkono ukafa ganzi. Waliposhtuka kwangu wakaruka kwako."

Jumbe akasema, "Basi tuulize." Akaanza na wa mbali, mmoja mmoja. Ulisikia debe? Sikusikia. Wewe? Sikusikia, jumbe. Wewe? Mimi habari za debe nazisikia kwako sasa hivi. Watu wakacheka tena. Bi Kibibi hakusikia. Somoe aliinamisha kichwa, akasema hakusikia. Jibu lilikuwa linakuja kwangu hatua kwa hatua, na kila lilipopita mtu mmoja masikio yangu yalizidi kunisaliti. Watu wazima kumi na wawili hawakusikia. Mimi ni nani nisikie? Labda niliota.

"Wewe uko jirani naye," jumbe aliniambia. "Ulisikia?"

Hakuna aliyenitisha. Hakuna aliyeshika fimbo. Bi Tatu alinitazama kwa matumaini kabisa, kama mtu aliyekwisha kuokoka.

Nikasema, "Sikusikia."

Ikaamuliwa kwamba Bi Tatu asiitikiwe mpaka akiri kosa na kumwomba radhi Bi Kibibi mbele ya watu. Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu ya mtu aliyelala zamu: hupigwi, hufukuzwi, ila unaita na bonde halikujibu. Bi Tatu alisema hawezi kukiri jambo ambalo hakulifanya.

Alfajiri iliyofuata aliita, "Madungu ee!" Wa kumjibu nilikuwa mimi. Nikanyamaza. Nikamwita Somoe, kana kwamba bonde linaanzia kwangu.

Sikiliza sasa, mwanangu, maana hapa ndipo ninapojiogopa. Siku ya kwanza nilijua kwamba ninadanganya. Siku ya tatu sikuwa na hakika. Siku ya tano niliamini kabisa kwamba sikusikia kitu. Nikaanza kuona kwamba Bi Tatu ana kiburi, anatamka maneno vibaya, anatembea vibaya. Hakuwa amebadilika hata kidogo. Nilikuwa natafuta sababu za kumchukia ili niweze kulala.

Siku ya sita tulikutana kwenye wigo. Tulikuwa wawili tu. Alijaza mtungi wake, akaniuliza polepole, "Mwanangu, mimi nilikuona juu ya ngazi. Sikukasirikii. Nataka kujua tu. Uliogopa nini?"

Nikatazama maji. Akajitwika, akaenda.

Alfajiri ya saba hakuliita bonde. Aliniita mimi. "Binti Salumu, umeamka?" Nilikuwa macho, pumzi nimeibana. Akaita mara ya pili. Hakuita tena.

Kulipopambazuka nikakuta debe lake chini ya ngazi yangu, na fimbo juu yake. Yeye alikuwa ameondoka, ameacha mpunga ulioiva. Niliuamia pamoja na wangu mpaka mavuno, na hakuna aliyeniuliza kwa nini. Baadaye kila nilipokutana na mtu wa milimani niliuliza habari zake. Hakuna aliyemjua.

Nasaha yangu si kwamba uwe jasiri. Mimi sikukosa ujasiri, maana sikuwa na adui. Ninachokuomba ni kidogo zaidi. Ukiwa katikati ya watu na moyo wako umetulia, jiulize utulivu huo ni wako au umeuazima kwao. Ukisikia debe, piga lako, hata kama bonde zima limelala. Ukiulizwa, jibu ulichokisikia kabla hujahesabu waliosema mengine. Na mtu akiita asiitikiwe, mwitikie kwanza, makosa yake mtayajadili baadaye. Mungu akupe sauti ya kumjibu mtu akingali anaita, na asikuache ukae na swali miaka yote niliyokaa nalo mimi.

Limebaki jambo moja, nalo nimelijua uzeeni. Nilikwenda Kibiti kumtazama Somoe alipokuwa mgonjwa. Tulikuwa tumebaki sisi wawili tu wa madungu yale. Akanishika mkono, akasema, "Lile debe mimi nililisikia. Nilitoka nje kutazama kabla ya kumwamsha mama. Nikatazama kwako, nikakuona umesimama juu ya ngazi, umejitanda kanga, umetulia. Nikasema, yule ndiye aliye karibu, ingekuwa ndege angepiga lake. Nikarudi kulala."