Panya wa Mlimani na Chakula cha Dada

Dada yangu mkubwa alizaliwa Msambweni kwenye joto, akaenda kufanya kazi kwenye baridi. Alisomea wanyama wadogo. Aliwatega panya wa mlimani, kule juu ambako miti imekwisha, akawapima hewa wanayovuta, kisha akawaachia. Mama hakuielewa kazi hiyo. Majirani wakimuuliza, alisema tu kwamba binti yake yuko bara.

Siku moja nilimfuata huko mlimani. Asubuhi hiyo ukungu ulituchelewesha, tukamkuta panya mmoja mtegoni amepoa kama jiwe. Nilidhani amekufa. Dada alimtia ndani ya sweta, kifuani, akakaa juu ya jabali. Baadaye akanieleza kwamba mwili mdogo hupoteza joto upesi, ndiyo maana panya wa kule hula karibu bila kupumzika. Tena ana mafuta mabegani ambayo mwili huyachoma kupata joto, hata bila kutetemeka. Chakula kikikosekana, mafuta nayo yakaisha, hana siku nyingi. Yule wetu alizinduka, akala shayiri, akaenda zake.

Mwaka uliofuata dada alirudi nyumbani amekonda. Ilikuwa saratani ya tumbo, na daktari alituambia wazi kuwa imeshaenea. Mama alimpikia kila alichokuwa akikipenda: wali wa nazi, samaki wa kupaka, uji wa mchele. Dada alionja kijiko kimoja, akashukuru, akageuza uso. Mama akabembeleza, akatoka akifuta machozi kwa kanga.

Siku moja dada alinishika mkono.

"Mwili haupokei tena," alisema. "Haya nimeyapima kwa wanyama miaka yote, nayajua. Lakini mama usimwambie. Kula wewe."

Basi mama akituachia sahani, nilikula mimi, na dada akinitazama. Wakati mwingine aliniuliza kama chumvi imekolea. Sahani zikarudi jikoni tupu, na mama akawa anaimba akiosha vyombo.

Dada alifariki Ijumaa moja, baada ya sala ya alasiri.

Wageni walipotawanyika baada ya hitima, mama aliniita jikoni. Aliushika mkono wangu juu ya kiwiko, akaubinya kidogo.

"Umenenepa," alisema.

Nikainamisha kichwa.

"Nilikuwa najua, mwanangu. Nilitaka tu niendelee kumpikia."