Mikono Niliyomkopesha Baba

Mwaka jana, likizo ya Agosti, Baba aliitwa intavyu ya kazi ya uhadhiri katika chuo kimoja upande wa Kahawa Sukari. Tangazo lilisema wanatafuta mhadhiri wa masomo ya burudani na sayansi ya mwendo wa mwili. Mama alilisoma kwa sauti kwenye simu huku akikoroga uji, akafika kwenye neno burudani akatabasamu, kwa sababu alijua watu wa Landless, mtaa wetu, watasema nini.

Na walisema. Kijana anayeuza soseji za smokies nje ya ploti yetu aliniuliza, "Sasa budako anafunza watu kuchill? Hiyo digrii hata mimi niko nayo."

Nilicheka kidogo nikapita. Mimi si mtu wa kujibu. Hata darasani, nikiulizwa swali ninalolijua, jibu linafika kwenye meno halafu linarudi. Lakini kama ningemjibu yule kijana, ningemwambia kwamba Baba anaweza kusimama kwenye korido ya ghorofani, akamtazama mtu anayepita barabarani, akajua ni goti gani linamsumbua na kiatu kipi kinambana. Na kwamba huko kwingine, kwenye burudani, anafundisha kwa nini mzee aliyeacha kucheza huzeeka haraka kuliko mwenzake anayeenda kwaya. Baba akilieleza hilo hushika uzi mpaka chai ipoe.

Tangu nikiwa mdogo amekuwa mwalimu wa part-time. Asubuhi yuko Ruiru, jioni yuko hapa Thika, na hakuna mlango wowote wenye jina lake. Sasa kulikuwa na chuo kingine, mbali, huko Magharibi karibu na kwao, kilichokuwa tayari kumpa kazi ya kudumu. Walitaka jibu kabla ya muhula wa Septemba. Hii ya Kahawa Sukari ikikataa, angeenda huko. Mama hangeweza kuacha kazi yake ya kiwandani, mimi nina shule, na nyanya yangu hangeweza kuachwa. Kwa hivyo angeenda peke yake, tuwe watu wa kuonana Krismasi na Pasaka. Hilo hatukuliongelea sana. Mama alianza tu kupika chapati siku za kawaida.

Nyanya yangu namwita Cucu. Ni mama yake Mama. Alikuja kwetu kutoka shambani baada ya kuanguka na kuumia nyonga, ila hakuja kulala nyumbani kwetu. Kwa kina Baba, mama mkwe halali nyumba ya mkwewe, hawapeani mikono, hawakai kiti kimoja, wala hawagusani kwa namna yoyote. Kwa kina Cucu nako heshima hiyo ipo, ingawa si kali hivyo, na yeye alisema akiwa kwa watu atafuata ya watu. Basi akakodishiwa chumba cha mlango wa pili. Mchana anakuja kukaa nasi. Akiwa sebuleni, Baba hukaa karibu na mlango akitazama zulia, na wakitaka kuambiana jambo, njia yao ni mimi.

Watu wa intavyu walimwambia Baba aandae somo fupi. Amfundishe mzee, mbele yao, zoezi moja ambalo anaweza kulifanya nyumbani. Baba alizunguka sebuleni akiwaza ni nani atamsaidia kujifunzia. Akataja shosho mmoja, bibi mzee wa kanisani, akataja mama wa kibanda cha mboga.

Mama akamwangalia. "Na huyu wa mlango wa pili ni kijana?"

"Huyo ni mama mkwe."

"Najua ni nani, amenizaa. Wewe una maneno. Mtoto ana mikono."

Mtoto ndiye mimi.

Tulianza siku hiyo hiyo. Cucu alikaa kwenye kiti cha mbao, leso kiunoni, sweta imefungwa vifungo vyote. Zoezi lilikuwa kusimama kutoka kitini bila kushika kitu. Mtu mzima anaweza kulicheka, lakini tangu aanguke Cucu hakuwa amesimama hata mara moja bila mtu kumvuta.

"Mwambie Mama asogee mbele kwenye kiti," Baba akaniambia, akimaanisha Cucu.

Cucu alikuwa amesikia vizuri kabisa. Alinigeukia akangoja.

"Cucu, sogea mbele."

"Mwambie mwalimu nikisogea zaidi nitakuwa sakafuni. Na huko nilishafika, sikupapenda."

Baba akauma mdomo asicheke. "Mwambie hatafika."

Akaniambia niweke kiganja mgongoni mwa Cucu, sehemu ya chini, nisisukume, niweke tu ili ajue mgongo wake uko wapi. Nikahisi mfupa kupitia sweta, mdogo kuliko nilivyodhani. "Si hapo," Baba akasema. "Chini. Hapana, hapo kando, hapo." Mkono wake mwenyewe ulikuwa unatembea hewani. Niligundua amezoea kuwarekebisha wanafunzi kwa kuwagusa, na sasa vidole vyake vilikuwa vinatafuta maneno. Alisema kitu kuhusu kiwiliwili na kitovu cha uzito. Nikamwambia Cucu, kiwiliwili.

"Hicho sina," Cucu akasema.

Baba akageuza kichwa. Jikoni githeri, mahindi na maharagwe, ilikuwa inachemka, na nadhani ndiyo iliyomsaidia. "Mwambie arudishe miguu nyuma kidogo, chini ya magoti. Halafu ajifanye anachungulia sufuria ya githeri, aone kama maji yameisha."

Cucu akachungulia. Kichwa kikaenda mbele, pua ikapita vidole vya miguu, na mgongo ukanyooka chini ya kiganja changu kama umekumbuka kitu.

"Sasa visigino. Asukume chini na visigino."

"Cucu, visigino."

Aliinuka kidogo tu, kiasi cha kupitisha gazeti chini yake, akaketi tena na kupumua. "Mwambie mwalimu githeri bado."

Baba alicheka, na Cucu akacheka akiangalia upande mwingine ili wasicheke pamoja. Wiki zile ziliendelea hivyo. Nilizoea mpaka nikawa nasema kabla Baba hajamaliza, na kwa sauti, kiasi kwamba jirani wa chini aliuliza nani siku hizi anapiga kelele za visigino.

Siku ya intavyu Baba alivaa suti ya harusi yao. Mama aliipiga pasi mara ya pili ingawa haikuhitaji. Baba aliporudi jioni tai ilikuwa mfukoni. Alikaa kwenye kiti chake karibu na mlango, Cucu akiwa palepale, akatueleza sote bila kupitia kwangu, ila macho yalikuwa kwenye zulia.

"Waliweka kiti katikati. Profesa mmoja, mama mtu mzima, akajitolea kuwa mzee. Nikasema naye vizuri. Akachungulia sufuria, wote wakapenda. Halafu nikafungua mkono hivi, kando, nikasema, 'Mami, shika hapo.'"

Mami ni mimi. Ndivyo anavyoniita.

Mama akaweka kikombe chini. "Ulisema hivyo?"

"Wote wakatazama hapo kando. Hata mimi nikatazama."

"Halafu?"

"Wakauliza mami ni nani. Nikawaeleza, ya mkwe na yote. Yule mama profesa alicheka mpaka akavua miwani. Lakini mwenyekiti hakucheka. Aliniuliza, 'Sasa mgonjwa akiwa mbele yako, utampigia binti yako simu?' Nikakosa jibu kabisa. Nilisimama pale kama mtoto." Alisugua magoti. "Nilifika steji ya matatu ndipo nikalipata."

"Ulipata nini?"

"Kwamba kumgusa mtu ningemgusa, ni rahisi. Lakini akirudi kwake hatarudi na mikono yangu. Atarudi na maneno."

"Si ungegeuka uwaambie?"

"Ningekuta mwingine wa intavyu ameshaingia."

Nilimwelewa. Majibu yangu mengi huja nikiwa nimeshaketi. Watu husema nimefanana na Mama, na kwa uso ni kweli, lakini jioni ile nilijua kimya changu kimetoka wapi, na nikampenda Baba kwa hilo kuliko siku zote. Pia niliogopa. Nilitazama mikono yangu nikaona kama ndiyo imemharibia.

Siku zikapita bila simu. Baba akaanza kuweka vitabu kwenye katoni pole pole, kimoja kimoja, kama mtu anayetumaini katoni haitajaa. Somo la kiti alilisahau. Cucu ndiye aliyelidai.

"Mwambie mwalimu mimi bado niko darasani. Kama ni kwenda, aende akiwa ameniacha nimesimama."

Baba, macho kwenye zulia, akaitikia kwa kichwa. Akiwa Ruiru, tulifanya mimi na Cucu peke yetu. Nilimwambia sufuria, nikamwambia visigino, na hakuna aliyekuwa ananipa maneno. Alifika juu siku nyingine, lakini lazima kiganja changu kiwe mgongoni. Nikikitoa tu, anaketi.

Chuo cha Magharibi kilitaka jibu Ijumaa. Alhamisi mchana simu ililia tukiwa tunachambua maharagwe. Baba alitoka nayo koridoni. Tulisikia, "Ndio. Ndio, profesa." Halafu akasema lile neno lake la stejini, la mikono na maneno, polepole, mpaka mwisho. Halafu, "Asante sana."

Alirudi akasimama mlangoni.

"Ni mwenyekiti. Alitaka kujua kama nimepata jibu la swali lake. Nikampa. Akasema basi nikalitoe kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, Septemba."

Mama alienda akamwekea paji la uso begani, mikono ikiwa na vumbi la maharagwe, asimchafue shati. Hakuna aliyepiga kelele. Mimi nilikuwa nimelishika bakuli na sikujua pa kuliweka.

Cucu alikuwa kwenye kiti chake cha mbao. Angekuwa mtu mwingine angempa Baba mkono, au angemkumbatia. Nikaona anarudisha miguu nyuma, chini ya magoti. Niliweka bakuli chini haraka nikaenda kuweka kiganja mgongoni.

"Tulia, kairitu," akaniambia kwa lugha ya kwao, yaani msichana.

Akachungulia. Mikono ikawa mbele yake, haijashika kitu. Akapanda, akasita kidogo katikati pale ambapo huwa anarudi, akaendelea kupanda, na akasimama wima mbele ya Baba, leso ikiwa imeteleza upande mmoja.

Baba hakuinua uso. Aliona miguu tu, ile miguu ya Cucu kwenye ndara za bluu, visigino vimekanyaga zulia sawasawa.

"Mwambie Mama visigino viko vizuri," akasema.

Nilifungua mdomo kumwambia. Lakini Cucu alikuwa ameshamjibu, yeye mwenyewe, moja kwa moja.

"Nimesikia," alisema.