Paa la Pande Nne

Baba yangu hakuweza kuipita nyumba bila kuitazama juu. Jumapili tukitoka kanisani alinishika mkono, na njia nzima ikawa mtihani. Ile ya mviringo iliyoezekwa majani, msonge. Ile ya pande mbili zinazokutana juu, mgongo wa tembo. Iliyolalia upande mmoja, slopu, ya mtu aliyeishiwa bati au hamu. Za zege tambarare kule mjini alisema ni masanduku, si nyumba. Mgongo wa tembo ndio alioudharau kuliko yote. Paa la ghala, alisema, na nusu ya Moshono, mtaa wetu, ilikuwa inalala chini yake. Alikuwa na mdomo, baba yangu, na mimi nimeurithi wote.

Nyumba yake ingekuwa ya pande nne, ikishuka kila upande, bati jekundu. Alimwambia mama mbele yetu, "Hata nikirudi kutoka wapi, nikifika pale kwenye kona nitaiona yangu." Kuta zikapanda mpaka kwenye lenta, juu ya madirisha. Ndipo kiwanda alichofanyia kazi kikapunguza watu, naye akawemo. Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali imefungulia biashara, maduka yamejaa bati za kila rangi kutoka nje, sisi tukizitazama tu. Akaenda machimbo ya Mererani kutafuta mawe ya vito, ili apate hizo bati. Alirudi mara mbili, vumbi mpaka kwenye kope. Mara ya tatu hakurudi.

Hakuna aliyetuletea mwili, wala habari ya kueleweka. Mmoja alisema shimo liliporomoka. Mwingine alisema amemwona Nairobi, stendi ya mabasi. Huyu wa pili ndiye aliyetuharibia maisha, maana mama alimwamini.

Tuliendelea kukaa kwenye vyumba vya kupanga, jirani na kiwanja chetu, na zile kuta zikabaki vilevile. Mvua iliingia sebuleni kama mwenye nyumba. Mparachichi ukaota palipotakiwa kuwa chumba cha wazazi. Upepo wa mlimani ukipita kwenye madirisha yasiyo na fremu ulipiga mluzi, na baba alikuwa mtu wa mluzi. Jioni mama alikwenda kufagia. Ndiyo, kufagia nyumba isiyo na paa. Nilimsikia akiongea mle ndani kwa Kichaga, kile cha wao wawili, kisha ananyamaza kidogo kama anayesubiri kujibiwa. Niliogopa. Niliogopa zaidi siku niliyojikuta na mimi nasubiri jibu.

Baba mdogo alikuja mara nyingi na maneno yaleyale: shemeji, tuezeke, mgongo wa tembo hauli mbao nyingi, watoto wapate pa kuishi. Mama hakutaka kusikia.

"Akirudi atapita, shemeji. Hataijua."

Baba mdogo alivaa kofia yake, akaondoka.

Nilikuwa nimeshamaliza shule masika yalipoangusha ukuta wa upande wa mlimani. Baba mdogo akaleta fundi. Fundi alizunguka, akagonga gonga, akasema kuta nyingine bado zinafaa, ila ziezekwe sasa, si mwakani. Kisha akauliza kama mafundi wanavyouliza, bila kujua anauliza nini: mama anataka paa la namna gani?

Mama alikuwa na ufagio mkononi. Alitazama kuta, akatazama kona ya barabara, mpaka fundi akanigeukia mimi.

"Mgongo wa tembo," mama alisema.

Baba mdogo akavua kofia. Hatukutangaza msiba, hatukuchimba kaburi, lakini baba tulimzika pale, na sisi wa nyumbani tulijua. Mama akaketi juu ya tofali, akalia kwa sauti. Fundi wa watu akabaki anashangaa amekosea wapi.

Leo tunaishi humo. Nyumba ni kavu, mparachichi tuliukata. Ila mimi, nikiona mwanamume amesimama pale kwenye kona anatazama mapaa, moyo unanipasuka, hata kama najua anatafuta chumba cha kupanga. Juzi mmoja alisimama muda mrefu, mzee, begi begani. Nilitoka mbio, kandambili mguu mmoja. Kabla sijafungua geti, alikuwa ameshalitazama paa letu, akapita.