Anko Ameenda

Saa tatu kasoro dakika tano asubuhi, Jumamosi iliyopita, dalali alitandaza karatasi juu ya boneti ya gari lake, kwenye lango la shamba alilotuachia nyanya yetu kule Yamumbi. Binamu zangu walikuwa wameshatia sahihi. Ilibaki yangu, na mnunuzi alitaka shamba lote au asinunue kabisa.

"Na hiki kipande cha pembeni ni cha nani?" dalali akauliza.

"Anko," binamu akajibu. "Huyo alipotea kitambo."

Ndugu yangu, maneno hayo yalinirudisha jikoni kwa nyanya. Unakumbuka harufu ya kibuyu kikisuguliwa kwa mkaa? Kila mtoto wake alikuwa na kibuyu chake cha mursik ukutani. Anko, kitinda mimba, aliondoka kutafuta kazi nikiwa darasa la pili, lakini kibuyu chake kiliendelea kuoshwa, kupakwa mkaa na kujazwa maziwa kama vingine. Yakishaganda, nyanya alitumiminia sisi wajukuu.

"Kunyweni. Amesema mkunywe."

"Amesema saa ngapi, nyanya?"

"Umeuliza sana. Leta kikombe."

Jioni moja jirani alikuja kuomba chumvi, akakitazama kile kibuyu. "Mama, si huyo kijana alienda tu? Hiyo shamba yake patia wengine."

Nyanya hakuacha kusonga ugali. "Wako wakienda, utasema vile unataka. Wangu ameenda."

Miaka mingi baadaye nilijisomea sarufi katika vitabu vya mitumba, kila nikifunga duka. Nikakuta maelezo haya ya ile "-me-" ya "ameenda": kitendo kimetimia, na hali yake ingali ipo. Kilichonijia kichwani ni kile kibuyu, kimejaa.

Sasa ng'ombe wameuzwa. Jiko limebomolewa, mahindi ya jirani yamepisha vyumba vya kukodisha, na vibuyu hakuna anayejua viliko. Nyanya mwenyewe amelala nyuma ya nyumba. Hayo yote nimeyakubali.

Nikamrudishia dalali kalamu yake. "Mwenye kipande ameenda. Akirudi, muulize yeye."

"Wewe, miaka yote hiyo?" binamu akafoka. "Na sisi je?"

"Ninyi mko. Yeye ameenda."

Dalali akakunja karatasi zake polepole. "Mzee, unajua umekataa pesa ngapi?"

Najua. Fungu langu nililipigia hesabu mwenyewe kabla hajafika. Nimepoteza shilingi laki nane.