Jiwe Lililokataa Kuwaka

Krispini alimwita shemeji yake, Eufrazia, tapeli mbele ya kikundi kizima cha akina mama wachimbaji, pale barazani kwake Majengo. Hakuwa tapeli, na Krispini hajayafuta maneno yake.

Mawe aliyoyaleta siku hiyo, Eufrazia aliyagonga mwenyewe kwenye mwamba mmoja, nje ya Mpanda. Mengine yalikuwa meupe, mengine ya zambarau iliyokolea hadi kuwa nyeusi. Krispini, dalali wa mawe, alifunga madirisha akawasha taa ya kukagulia noti bandia. Jeupe likawaka buluu kama moto wa gesi. Jeusi likabaki kiza.

"Shemeji, hili umeliokota barabarani."

"Yametoka shimo moja, Krispini!"

"Taa haina undugu. Mama zangu, nyie mnachanganyiwa kokoto."

Wakacheka, kisha wakamtoa kikundini. Tangu hapo Eufrazia anashuka shimoni peke yake, na juu hakuna wa kumshikia kamba.

Baadaye alikuja Restituta, mtaalamu wa miamba, akapanga chumba kwa Krispini, akayapima mawe yale kwa mashine yake. Akamwita Eufrazia. Krispini alisimama mlangoni.

"Mama, haya ni ya aina moja. Kinachowaka ni chembe za madini adimu ndani ya jiwe. Kwenye jeupe ziko chache, kila moja inang'aa yenyewe. Kwenye jeusi zimebanana mno. Moja ikipata nguvu ya taa inamrushia jirani, naye anamrushia mwingine, mpaka nguvu inafika penye kasoro, inaishia kuwa joto."

"Kama umbea wa Majengo," alisema Eufrazia.

Restituta akacheka. "Hivyo hivyo. Nikizima taa, mwanga wa jeupe unakawia kidogo. Wa jeusi, mdogo tangu mwanzo, unakufa upesi zaidi. Jicho haliwahi, mashine inauona."

"Kwa hiyo jeusi ndilo limejaa?"

"Ndilo, mama."

Eufrazia akamgeukia shemeji yake. "Umesikia?"

"Nimesikia." Krispini alijikuna shingo. "Ila mambo ya kitaalamu hayo, shemeji. Nani ataelewa?"

"Sijakuomba uwaeleweshe. Waambie tu sikudanganya."

"Tutaona."

Restituta amesharudi chuoni kwake. Wale akina mama bado wanapita mbele ya mlango wa Eufrazia na kamba zao mabegani, wanamsalimu kwa mbali kama mgeni. Yeye anafunga kamba yake kwenye kisiki, anaivuta mara mbili, anashuka.

Krispini bado anadaiwa jambo moja: asimame barazani pale pale, mbele ya akina mama wale wale, aseme kwa mdomo ule ule kwamba Eufrazia hakumdanganya mtu.