Maua Kwenye Kabati la Shosho

Kalekye akisema kitu kitafanyika, wewe toka njiani tu. Mimi ni jirani yake hapa Kitengela, tumetenganishwa na ua wa mabati, na nimemwona akimrudisha fundi wa mlango mpaka fundi mwenyewe akaomba msamaha. Si mtu wa kelele. Anafunga leso kiunoni, ananyamaza, kazi inaisha. Wa kelele ni mimi Selpha.

Anauza mahindi na maharagwe sokoni. Mumewe Hiram ni dereva wa lori, leo yuko Namanga, kesho hujui yuko wapi, kwa hivyo nyumba ni ya Kalekye na mama mkwe wake, Shosho Gathoni. Kalekye ni Mkamba, Hiram ni Mkikuyu, na kwa Wakikuyu msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake. Basi msichana wa Kalekye, sasa yuko shule ya bodingi, ni Gathoni, na mtaa mzima unamwita Kalekye Mama Gathoni. Tunamtania kwamba alimzaa mama mkwe wake. Yeye hacheki. Anasema, "Ndiyo, nilimzaa."

Shosho alikuwa na duka Kisaju miaka mingi. Aliuza sukari, majani chai, viberiti na tumbaku, na wateja wake wengi walikuwa akina mama Wamaasai. Hata sasa, akili ikiwa imeanza kumtoroka, mtu asiyemjua anamsalimia kwa Kimaasai, "Sopa", kama mteja aliyeingia dukani. Anayemkumbuka anamwita kwa jina. Mimi kuna siku ni Selpha, kuna siku ni Sopa. Nimezoea.

Sasa, hilo kabati la vioo la sebuleni. Woi! Kalekye alilinunua aweke vikombe vya wageni, lakini Shosho alipohamia aliliteka. Mikebe mitupu ya mafuta ya kupikia, chupa za dawa zilizoisha, vijitabu vya mazishi ya watu waliosahaulika, rimoti ya televisheni iliyokufa, mbegu za maharagwe meusi ya njahi kwenye pakiti ya unga, betri zilizovimba. Vyote amevipanga kwa mstari, maandishi yakiangalia mbele, na kila asubuhi anavipanguza na kitambaa. Ukitupa mkebe jioni, asubuhi umerudi. Anautoa kwenye pipa, anauosha, anaurudisha mahali pake.

Wifi yake Kalekye, Nyawira, anakaa Gataka, kule Rongai. Alipiga simu nikiwa pale pale naazima ungo.

"Mama Gathoni, Jumapili nakuja na gari. Mum hawezi kuishi ndani ya stoo. Nikipata hiyo takataka bado iko, naenda na yeye."

Nyawira si mtu mbaya, na hilo ndilo lililoniudhi, maana mtu mbaya ungemtusi ukamaliza. Anampenda mama yake. Lakini anakaa gorofani, anatoka kazini usiku, na Pasaka Shosho alipopelekwa huko alikaa karibu na mlango na mkoba mapajani, hataki kula, mpaka wakamrudisha nguo zikimning'inia. Sote tulijua akienda tena hatarudi mzima.

Kalekye aliweka simu chini. "Haendi," akasema.

"Na kabati?"

"Kabati nitalinyamazisha."

Jumamosi alirudi kutoka sokoni na mafungu ya ile karatasi ya kubandika yenye gundi nyuma, iliyochorwa maua ya samawati na majani. Tukampeleka Shosho kwangu atoe njegere kwenye maganda, tukaanza kazi. Tuliosha vioo kwa maji ya sabuni, tukavipanguza mpaka vikalia kwi kwi. Karatasi ya kwanza niliiharakisha mimi, ikajikunja, ikajishika yenyewe, ikawa bonge la takataka lisilofaa hata kuwashia jiko.

"Selpha, wacha mbio," Kalekye akaniambia. "Lowesha kioo kwanza. Toa karatasi ya nyuma kidogo kidogo. Sukuma na rula kutoka katikati."

Akaifanya mwenyewe. Kila kipovu cha hewa alikitoboa kwa pini, akakilaza kwa kidole gumba. Tulipomaliza milango yote miwili, sebule ilikuwa imebadilika. Huoni mkebe, huoni rimoti. Unaona maua tu. Nilipiga vigelegele, na Kalekye mwenyewe akatabasamu, kitu ambacho hafanyi ovyo. Shosho aliporudi akayatazama yale maua akasema ni mazuri. Tukajua tumeshinda.

Haki, tulikuwa wajinga.

Jumapili nilikuwa navaa viatu vya kanisani niliposikia geti lao likigongwa kutoka ndani. Nikatoka mbio. Shosho alikuwa amesimama pale na koti lake la safari, mkoba mkononi, akisukuma geti, na Kalekye amemshika mkono akimbembeleza.

"Mama, unaenda wapi?"

"Nyumbani. Hapa si kwangu. Duka limefungwa."

"Hapa ni kwako, Mama. Twende ndani tunywe chai."

"Duka limefungwa!" Shosho alikuwa akilia machozi kabisa. "Sioni kitu yangu hata moja. Nipeleke nyumbani."

Na gari la Nyawira likafika wakati huo huo, kama limeitwa.

Nyawira alishuka, akamwangalia mama yake, akaingia ndani, akaangalia sebule. Sitamsingizia, alisema ukweli: "Mama Gathoni, nyumba iko safi. Umejaribu sana. Lakini si unamsikia mwenyewe? Anataka kwenda." Akatoka, akamshika Shosho begani, taratibu. "Mum, twende. Gari iko hapa." Na Shosho, Mungu wangu, akaanza kumfuata.

Nyumba imepita mtihani na mwenye nyumba anaondoka! Nikamgeukia Kalekye, nikidhani atalia. Hakulia. Alikuwa akitazama kabati kupitia mlango ulio wazi, halafu Shosho, halafu kabati, na nikaona leso ikifungwa kiunoni.

"Nyawira," akasema, "usimwingize kwa gari. Nipe nafasi kidogo."

"Ya nini tena?"

Kalekye aliingia ndani, akachukua kisu cha jikoni, akaingiza ncha chini ya kona ya mlango wa kwanza, akavuta. Maua yale tuliyoyahangaikia jana yakatoka kwa mlio wa kitambaa kinachoraruka. Nikapiga kelele, "Kalekye, una wazimu? Mbele yake?" Akaendelea kuvuta. Mikebe ikatokea. Chupa zikatokea. Vijitabu vya mazishi, betri, rimoti, aibu yote ikatoka nje mchana kweupe, na wifi yake amesimama mlangoni anaona.

"Ni takataka," Kalekye akasema, bila kugeuka, anahema. "Najua ni takataka. Lakini akiamka asubuhi anaiona, anajua yuko wapi. Mimi nimeifunika nikamfunga nje. Ukitaka kunicheka, cheka. Mimi naitwa Mama Gathoni, na Gathoni haendi mahali."

Shosho alikuwa amesimama. Akatoka uani, akarudi ndani polepole, mimi nyuma yake, akakaribia kioo mpaka pua ikagusa.

"Ala," akasema. "Kumbe wamefungua."

Akavua koti. Akauweka mkoba kwenye rafu, kati ya mikebe miwili, akatoa kitambaa chake mfukoni, akaanza kupanguza. Nililia, sioni haya kusema.

Kisha akamwona Nyawira mlangoni, na uso ukamchangamka, ule uso wa mwenye duka.

"Sopa," akamwambia.

Nyawira alikulia Kisaju nyuma ya meza ile ya duka. Alijua neno hilo huambiwa nani.

"Ipa," akajibu, kama wateja walivyokuwa wakiitikia.

"Karibu, keti." Shosho akaingiza mkono ndani kabisa, nyuma ya mikebe, akatoa kikombe cha bati cha mtoto, rangi imebanduka mdomoni, kisafi kuliko vyote. "Nitakupa chai, lakini si na hiki. Hiki ni cha Nyawira wangu. Akitoka shule lazima akipate."

Akakirudisha mahali pake, akakigeuza, mkono wa kikombe ukiangalia mbele.

Kalekye akainama kuokota maua yaliyoraruka sakafuni, akashika kisu tena, akageukia mlango wa pili. Nyawira akamfikia kabla hajaanza. Alikuwa ameshavua saa na kukunja mikono ya blauzi.

"Lete kisu, Mama Gathoni," akasema. "Huu nitaubandua mimi."