Neno Avasara na Kadi ya Harusi

Kadi ya harusi ya binti yangu ilinifikia kwa simu, ikiwa picha, asubuhi ya Jumanne, nilipokuwa natafsiri cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa Kikongo. Ilikuwa kadi nzuri, ina maua na maandishi ya dhahabu, na chini yake namba ya kujulisha kama utafika au hutafika. Ilikuwa imewekwa kwenye kundi la watu mia na kitu. Nilitazama orodha nikaona nimeingizwa baada ya mtu wa keki.

Mimi nimezaliwa Tanga. Kwetu mtu huendewa nyumbani. Hodi inapigwa, watu wanakaa, wanaulizana hali za wazima na wagonjwa, na chai ikishapoa ndipo neno linatolewa. Baba wa bibi harusi ndiye anayewaendea wengine, hatumiwi picha. Basi nikaamua kungoja. Binti yangu angekuja mwenyewe, au walau angepiga simu. Mama yake na mimi tumeachana miaka tisa sasa, na binti na mimi huonana sikukuu. Ndoa yenyewe ilikuwa ya serikali, haikuhitaji walii wala ridhaa ya mtu kama mimi. Nilijua hivyo. Nilingoja hivyo hivyo, katika chumba changu cha kupanga La Rochelle, Johannesburg, nikiwa nimenunua biskuti za mgeni.

Nikikwepa jambo huwa naandika makala. Hii ilianzia kwa fundi simu wa mtaa wa jirani, Rosettenville, kijana aliyetoka upande wa Hyderabad, India, ambaye lugha yake ni Kitelugu. Nilimpelekea simu yangu yenye ufa. Mwenzake alimwonyesha kifuniko kipya, naye akajibu bila kuinua kichwa: "Avasaram ledu."

Nilimuuliza maana yake.

"Haihitajiki," alisema. "Avasaram ni haja. Hakuna haja."

Mtu mwingine angelipa akaondoka. Mimi niliwahi kusoma isimu chuo kikuu, na tangu siku hizo sijafaa kwa kazi nyingine. Nilikwenda maktaba. Neno ni la Kisanskriti, avasara, na asili yake ni kushuka, kutiririka kwenda chini. Kamusi moja inasema wa kale waliliita hivyo hata tone la mvua. Kutoka hapo likawa wakati wa kitu, nafasi inayokuja. Kihindi kimelishika hilo, avsar, fursa. Kitamil kimelikimbiza: avasaram ni haraka, jambo lisilongoja. Wakannada nao wana haraka yao. Kimalayalam, kilicho jirani kabisa na Kitamil, kimerudi kwenye fursa, kama vile hakikusikia zogo la upande wa pili. Kitelugu kikaona kilichopo ni haja tu. Neno moja liliondoka nyumba moja, na kila lilikolala liliamka na tabia ya wenyeji.

Nilijaza kurasa sita. Zilikuwa kurasa za mtu mwenye furaha, na sikuwa na wa kumsomea. Wiki ya pili ilipita, simu haikulia. Biskuti nilizila mwenyewe.

Kilichobaki kilikuwa Kigujarati, na kwa Kigujarati nina mtu mmoja tu. Ni bibi mjane mwenye duka la vitambaa, hatua chache kutoka robot, yaani taa za magari, ya barabara kubwa. Wazee wake walihamia Tanga zamani, yeye alizaliwa huko, akaja Johannesburg kuolewa. Kiswahili chake ni cha kwetu kuliko changu. Mimi nakwenda kwake nikiwa na swali, kwa sababu sijui mtu anakwendaje kwa mtu bila swali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo umekuja na kamusi au umekuja kununua?"

"Avsar, mama. Kwa Kigujarati ni nini?"

Alikuwa anakata kitambaa cha mteja. Hakusimamisha mkasi. "Avsar ni shughuli. Harusi, mtoto kuzaliwa, watu wamejaa ndani, sufuria kubwa zimetolewa stoo. Mwenye avsar halali." Akanitazama juu ya miwani. "Kwani una shughuli wewe?"

Nilisema, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba binti yangu anaolewa Jumamosi ijayo.

Mkasi ulisimama. "Ijayo hii? Na uko hapa unauliza maneno?"

"Sijaalikwa, mama. Yaani nimeletewa picha tu. Nangoja."

"Unangoja nini?"

"Nialikwe."

Alicheka mpaka mteja naye akacheka, ingawa hakujua Kiswahili. "Masikini! Umesoma mpaka umeharibika. Nani anamwalika mtu wa nyumbani? Jirani anaalikwa. Mtu wa nyumbani anaamka alfajiri, anaingia jikoni, anauliza sufuria ziko wapi. Akifukuzwa anarudi kwa mlango wa nyuma. Ukiona baba anangoja kadi, hiyo si avsar tena, hiyo mikutano ya kampuni." Akarudi kwenye kitambaa. "Nenda. Na usiende na daftari."

Nilikwenda Jumapili, teksi mbili, hadi Midrand anakoishi binti yangu, kwenye yale majengo yenye ukuta na lango la umeme. Mlinzi alikuwa Mkongo wa upande wa Bukavu.

"Mzee, code ya lango?"

"Sina."

"Jina yako haiko huku kwa liste."

"Mimi ni baba yake."

Alinitazama viatu, kisha uso. "Baba yake, na hauna code? Eish, papa, hata mwenye kuleta pizza iko nayo." Lakini alimpigia binti yangu simu, na alipoirudisha chini alinipa kiti chake nikae.

Binti yangu alishuka na suruali ya nyumbani, nywele zimefungwa nusu. Hakuonekana amekasirika, na hilo lilinitisha zaidi. Mimi naye tuna utaratibu wetu: mimi nasema Kiswahili, yeye anajibu Kiingereza, kila mtu anamwelewa mwenzake na hakuna anayesogea. Aliniuliza kwa nini sikujibu. Alisema wapishi walitaka idadi, alingoja wiki mbili, namba ile ya chini ya kadi ilikuwa yake mwenyewe.

"Nilikuwa nakungoja wewe uje," nilisema.

"Nije wapi?"

"Nyumbani. Unialike."

Alinitazama kama mtu anayesomewa sheria ya nchi asiyowahi kufika. Sikuwahi kumwambia. Tulikuwa tumeishi nyumba moja miaka kumi na sita, nikamfundisha hadithi na vitendawili, na jambo hili sikuliona kuwa la kufundishwa. Nilidhani mtu huzaliwa nalo.

Kisha akasema kwa Kiswahili, polepole, akilitafuta kila neno: "Baba, nilifikiri hutaki. Nimeshamwomba Mjomba aniingize ukumbini."

Mjomba ni kaka wa mama yake. Ni mtu mwema, mwenye gereji, anayejibu simu zake.

"Umefanya vizuri," nilisema.

Alianza kusema kwamba anaweza kumpigia, kwamba bado siku sita. Nilimkataza. Mjomba alikuwa ameshanunua suti, na mimi nilikuwa nimechelewa kwa kosa langu mwenyewe. Nikamuuliza nisaidie nini. Akahesabu kwa vidole. Wapishi walikuwa wamekodiwa, maua yameagizwa, hata mtu wa kuelekeza magari. Mwisho akakumbuka shangazi zangu watatu waliokuwa wanakuja kutoka Tanga, na majirani wa Kikongo wa mama yake, ambao Kiingereza chao ni cha sokoni. Ukumbi ni mkubwa, milango mingi. "Unaweza kusimama mlangoni," alirudi kwenye Kiingereza, "uwapokee?"

Nilisema naweza. Sikumwambia kwamba kwetu hapo ndipo baba anaposimama. Angeona namfariji, au najifariji.

Jumamosi shughuli ilikuwa saa saba mchana. Saa tatu asubuhi nilikuwa mlangoni, na suti iliyonibana kiunoni. Kwa saa mbili nzima sikupokea mtu isipokuwa walioleta viti. Wa kwanza kufika katika wageni alikuwa Mjomba. Alishuka kwenye gari akaniona, akapunguza mwendo.

"Shemeji," alisema.

"Karibu sana," nilisema.

Tulipeana mikono. Hakuingia ndani mara moja. Tai yake ilikuwa imepinda; alikuwa ameifunga mwenyewe, kwenye gari labda. Nilimwambia ainue kidevu, akainua, nikaifungua, nikaifunga upya.